Jina la Kitovu

Kitovu cha binti wa Kangwa kilikatika Jumatatu, akiwa kwenye beseni la kuogea, na Ijumaa mtoto alikuwa bado anaitwa "mgeni".

Katika nyumba nyingine za Kasama jambo hilo humalizwa kabla chai haijapoa. Kitovu kikianguka, shangazi wa upande wa baba anaitwa, jina la marehemu fulani linatajwa na marehemu anahesabiwa amerudi, mtoto anavishwa shanga nyeupe mkononi, watu wanakunywa togwa ya munkoyo na kwenda zao. Na nyumba hii haikuwa na uhaba wa marehemu. Mzee Chileshe, baba mkwe wake Kangwa, alikuwa amefariki mwaka uliopita, mvua za kwanza zikianza. Tangu siku ya maziko kila mtu alijua kwamba mjukuu wa kwanza kuzaliwa atakuwa Chileshe, awe wa kiume au wa kike.

Aliyekataa alikuwa mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye mwenye nyumba.

"Mpeni jina lolote," alisema Mama Mwila, mama mkwe wake, huku akichambua majani ya maboga. "Mpeni Mutale. Mpeni Bwalya. Mpeni Kasama. Chileshe, hapana."

"Mama, mwanao anataka jina la baba yake."

"Aje alichukue mwenyewe."

Mwanawe, Mubanga, mume wa Kangwa, alikuwa Mpika akifanya kazi kwenye reli, na hakuwa mtu wa kubishana na mama yake hata kwa simu. Kangwa alikuja kujifungulia Kasama kwa sababu mama yake mzazi hakuwepo tena duniani, na Mama Mwila alikuwa amempokea vizuri kuliko mama wengi wanavyowapokea binti zao wa kuzaa. Alimkanda kwa maji ya moto, alimpikia uji wa karanga, alimfulia nepi bila kukunja uso. Lakini alikuwa na sheria yake: mtoto asiye na jina hatoki nje ya ua. Na Kangwa alikuwa na kuku wa mayai huko Mpika, amewaacha na mwanamume anayeogopa jogoo.

Alitaka kurudi kwake. Zaidi ya hapo, alitaka mwanawe awe mtu. Alikuwa amechoka kumnyonyesha mgeni.

Sababu ya ugomvi aliijua, maana alikuwepo. Mwaka uliopita, wakati wa kipupwe, walimpikia Jere, mume wa wifi yake Mwila, ile karamu ya kumfungulia mkwe nyumba, ambayo kabla yake mkwe hali chochote cha mama mkwe wala hamwangalii usoni. Vyungu vilipangwa, vimefunikwa: kuku, kisamvu, viwavi wakavu waliokaangwa, maharage ya karanga, na katikati ugali wa ulezi uliosongwa na Mama Mwila kwa mkono wake. Jere alikaa kwenye mkeka, amekakamaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mzee Chileshe alitaka kumlegeza. Akamega tonge, akalitazama, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Kula, mkwe wangu. Madonge hayaui. Mimi nimekula madonge ya mama yenu tangu nina nywele kichwani, na bado natembea."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Mwila hakucheka. Jioni ile alimwambia mumewe kwamba mwiko ameutundika, na hatausonga ugali wake wala kusema naye mpaka amwombe msamaha mbele ya mkwe yule yule. Mzee akadhani ni hasira ya siku mbili. Akaenda kula kwa dada yake, Shangazi Chola, nyumba ya pili, akirudi kila siku na kusema mlangoni, "Basi, yaishe," naye akijibiwa na mlango. Halafu moyo wake ukasimama akiwa shambani, jembe mkononi.

Mama Mwila alimlilia kama mke anavyomlilia mume. Lakini mwiko haukushuka ukutani. Alikula viazi, alikula mihogo ya kuchemsha, akipata wali alikula wali. Watu walisema ni huzuni. Kangwa alijua kuna kitu kingine ndani yake.

"Nikimwita Chileshe," Mama Mwila alimwambia siku moja, bila kuulizwa, "itabidi nimwamkie kila asubuhi. Mume wangu, umeamkaje. Nami nilisema sitaanza mimi."

"Mama, amekufa."

"Najua amekufa. Nilikuwepo." Akaendelea kuchambua majani. "Ndiyo maana simtaki arudi kabla sijajua ananirudia na mdomo gani."

Kangwa akampigia wifi yake, Mwila, huko Ndola. Simu ikapokelewa na Jere. Jere ni Mngoni, na kati ya Wangoni na Wabemba utani hauna likizo.

"Mla nyani, hujambo?"

"Sijambo, mla panya. Mpe mke wako simu."

"Yuko sokoni. Nasikia mmezaa mtoto mkashindwa kujua ni nani."

"Tunajua ni nani. Mama hataki."

"Ni kwa sababu ni msichana? Shemeji, hilo si jina la mzee wa kiume?"

Kangwa alicheka mpaka mtoto akaruka kifuani. "Jina la kiume linafananaje? Lina ndevu? Huyo mzee mwenyewe alilirithi kwa bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akipika pombe ya ulezi kule Mungwi. Mpaka anabaleghe, wazee wa kijiji walikuwa wakimpigia magoti wakimwita bibi. Kapteni wa timu ya mpira, na vikongwe wanamwamkia 'bibi, umelalaje.'"

"Ninyi ndiyo maana mnachanganyikiwa. Mtu anaambiwa Mutale anakuja kumposa, hajui avae nini."

"Na mama yako anaitwa nani?"

"Mavuto."

"Maana yake?"

"Shida."

"Na mjomba wako, yule mwenye kibanda cha kinyozi?"

"Naye Mavuto," Jere akakubali. "Lakini kwetu angalau jina lina maana. Shida ni shida, aipate mwanamke aipate mwanamume. Chileshe maana yake nini?"

Kangwa akafikiri. Hakuwahi kuulizwa. "Maana yake ni watu waliokuwa nalo," akasema. "Bibi wa pombe. Baba mkwe. Ukilipewa, wanakupa na mambo yao."

"Sasa mama mkwe anakataa nini?"

"Anakataa mambo yao. Ni yale ya ugali, shemeji. Alisema mzee amwombe msamaha mbele yako, na mzee akaondoka hajamwomba."

Jere, mtu ambaye hata msibani hukosi kumsikia, akakohoa, akasema mtandao mbaya, akakata. Mtandao haukuwa mbaya. Kangwa alitazama simu, akaiweka, akaenda kufua.

Jumapili saa sita mchana, jua la kipupwe limepasha ua joto, Kangwa alikuwa kwenye bafu la matete akioga. Mtoto alikuwa amelala ndani. Mama Mwila alikuwa kwenye kinu, mikono imejaa karanga. Mtoto akaamka, akaanza. Hakuwa mtoto wa kulia polepole. Alianza juu kabisa, kama mtu aliyeibiwa.

Kangwa alimsikia mama mkwe wake akiweka mchi chini. Akamsikia akisema "Nakuja, mgeni, nakuja." Mtoto akaongeza sauti. Kisha akasikia jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu mzee yuko hai.

"Chileshe! Nimesema nakuja! Siku zote hivyo hivyo. Mtu hajakaa, wewe unataka maji ya kuoga. Hajamwaga maji, wewe unataka uji. Mikono yangu ni mingapi? Unaona ni mingapi?"

Mke wa Kibemba akiwa na amani na mumewe humwita baba fulani. Miaka yote Mama Mwila alimwita mzee Baba Mwila. Jina tupu, Chileshe, lilikuwa la siku za hasira tu, na alilitamka kwa namna yake mwenyewe, akilipiga mwanzoni kama mtu anayepiga mlango kwa kiganja.

Mtoto alinyamaza kabisa. Hakunyamaza kwa kwikwi kama anayechoka. Alikata kilio katikati.

Kangwa alitoka bafuni na kitenge kimeshikwa kwa mkono mmoja, povu shingoni. Mama Mwila alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mikononi, amemshika mbali kidogo na kifua kwa sababu ya mikono yenye karanga. Wawili hao walikuwa wakitazamana.

"Umesikia nini?" Mama Mwila akauliza bila kugeuka.

"Nimesikia jina."

"Nilikuwa nasema na mbwa."

"Mama, hatuna mbwa."

"Mbwa wa jirani."

"Mbwa wa jirani naye anaoga maji ya moto na kula uji?"

Mama Mwila akamkabidhi mtoto, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kangwa akamvisha mtoto, akamnyonyesha, akavaa. Kisha akaenda kukaa chini, mgongo kwenye mlango ule.

"Mama."

"Ameshinda," sauti ikatoka ndani. "Nilisema sitaanza mimi, nimeanza mimi. Yuko ndani ya nepi na bado ameshinda. Angekuwepo angecheka mpaka akalala chini."

"Hajashinda. Ana neno la kusema na hajalisema. Mwaka mzima hakuwa na mdomo. Sasa anao, na wewe ndiye uliyempa."

Kitanda kikalia ndani.

"Mkwe ataitwa," Kangwa akaendelea. "Atakaa pale pale alipokaa. Neno litasemwa mbele yake, kama ulivyotaka. Usiporidhika, hapo tutampa mtoto jina la mbwa wa jirani."

Mlango haukufunguka, lakini baada ya muda Mama Mwila alicheka kidogo puani, na Kangwa akajua ameruhusiwa kupiga simu.

Walikuja Jumamosi. Mubanga alitoka Mpika na trei mbili za mayai na kovu la jogoo kwenye kifundo cha mguu. Mwila na Jere walitoka Ndola, Mwila akiongea tangu getini, Jere amevaa koti la harusi na hasemi kitu. Shangazi Chola alifika kabla ya wote, akaanza na munkoyo kabla ya salamu.

"Nimengoja jina hili mpaka meno yangu ya mwisho yameng'oka," akasema. "Leteni mtoto kabla ufizi nao haujaondoka."

Akamfunga mtoto shanga nyeupe kwenye kifundo cha mkono, akamtemea mate kidogo kifuani, akasema tu, "Chileshe. Umerudi, kaka." Ikawa imekwisha. Jambo lililowachosha karibu wiki mbili lilichukua muda wa kupenga kamasi.

Halafu watu wakamwamkia. Mubanga alisema "Shikamoo, baba" na ikabidi ajifanye anatafuta kitambaa. Mwila alimbusu visigino. Jere akaja kwa magoti kama inavyompasa mkwe, macho chini, akipiga makofi polepole.

"Shikamoo, baba mkwe."

Baba mkwe akakunja uso, akawa mwekundu, na sauti ikasikika chini ya kitenge ambayo haikuhitaji mkalimani.

"Amekuitikia," akasema Shangazi Chola.

"Mbadilishe nepi," Mwila akamwambia mumewe. "Wewe ndiye uliye karibu."

"Mimi? Nimvue mkwe wangu nguo mbele za watu? Mnataka Wangoni wanifukuze?"

Hata Mama Mwila, aliyekaa mlangoni pa jiko na uso ameugeuza pembeni, aibu ya karamu ile bado haijamtoka mbele ya mkwe, mabega yalimtikisika. Kangwa akambadilisha mtoto, akarudi naye, akakaa katikati ya mkeka. Hii ndiyo sehemu aliyokuwa ameipanga. Alikuwa ameitafakari wiki nzima, huku akifua na akinyonyesha, na aliona imekaa vizuri. Akamwinua mtoto amtazame bibi yake, akasema kwa niaba yake:

"Mama Mwila, mke wangu. Mimi Chileshe, mbele ya mkwe wetu, nilitamka maneno yaliyokuvunjia heshima. Umenipikia maisha yangu yote, umenilelea watoto, nami nikakulipa kwa kicheko. Leo nimerudi kukuambia kwamba..."

"Huyo si Chileshe," Mama Mwila akasema.

Kangwa akashusha mtoto.

"Huyo ni wewe, Kangwa. Umesema vizuri, mwanangu, Mungu akubariki. Lakini Chileshe akiwa na kosa hajawahi kusema maneno marefu hivyo. Hata siku aliyounguza nyumba ya mama yangu." Akaanza kujiinua. "Basi. Tuwape wageni chakula. Kangwa, songa ugali."

Kangwa alihisi uso wake ukipata joto. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo, na hili lilikuwa linamponyoka mbele ya watu. Akamtazama Mubanga, Mubanga akatazama kovu lake. Akamtazama Mwila. Mwila, aliyekuwa akiongea tangu getini, alikuwa akikunja ncha ya kitenge chake.

Jere akakohoa. Mkwe hazungumzi na mama mkwe habari za ugali wake. Afadhali azungumzie mvua. Jere hakumgeukia mama mkwe. Alimsogelea mtoto kwa magoti, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia soksi.

"Baba mkwe," akasema, "mimi nina ujumbe wako. Nimekaa nao mwaka mzima, sikuwa na mtu wa kumrudishia."

Mama Mwila akabaki ameshika mwimo wa mlango, nusu amesimama.

"Unakumbuka uliponisindikiza stendi, siku tatu baada ya karamu. Ulinibebea mfuko wa viwavi. Basi limeshawasha injini, ukanishika mkono, ukasema, 'Mkwe, nimeharibu. Yule mama hajanipikia tangu siku ile. Ninamwambia yaishe, hataki, anataka niseme mbele yako. Na ana haki. Ukija Krismasi, kaa karibu nami. Maana najijua, nikianza kusema nitacheka, na nikicheka nimekwisha. Ukiona mdomo unanicheza, nikanyage mguu. Nikanyage kwa nguvu.' Nikakuahidi, baba mkwe, kwamba nitakukanyaga."

Shangazi Chola alikuwa ameshusha kikombe.

"Sikuja Krismasi. Nilikuja kabla, kukuzika. Na mimi ni mkwe, ningemwambia nani? Hata mke wangu sikumwambia. Unamjua binti yako, angelitangaza sokoni." Akachukua mguu wa mtoto kwa vidole viwili, ukiwa ndani ya soksi ya njano aliyoifuma Mama Mwila. "Sasa mguu wenyewe ndio huu. Siwezi kuukanyaga."

Akauachia, akarudi nyuma kwa magoti mpaka mahali pake, akakaa. Jasho lilikuwa linamtoka katikati ya kipupwe.

Mama Mwila alikuja. Hakumtazama mkwe wake wala hakumshukuru, angemdhalilisha. Akachuchumaa mbele ya Kangwa, akachukua mtoto, akamlaza kwenye mapaja yake, uso kwa uso.

"Kwa hiyo ulijua nina haki," akamwambia.

Mtoto akapiga miayo.

"Uliwaambia watu wa stendi, mimi hukuniambia. Kondakta amejua kabla yangu." Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kitenge cha mtoto na hakuyafuta. "Ungekanyagwa wewe. Ungekanyagwa vizuri. Mimi mwenyewe ningekukanyaga huo wa pili." Akamrekebisha kofia. "Haya. Basi, Baba Mwila. Yaishe."

Mwila ndiye aliyeanza kulia kwa sauti, na Mubanga akamfuata, na Shangazi Chola akasema kama ni kilio yeye anarudi kwake kwa sababu alialikwa karamu. Mama Mwila akainuka, akamrudishia Kangwa mtoto. Akaingia jikoni. Kangwa akasikia mwiko ukigonga ukuta ulipotolewa kwenye msumari wake, na sauti ya mtu anayepuliza vumbi.

Ugali ulikuja kwenye sinia, wa ulezi, mweusi, unafuka moshi, na kuku pembeni. Watu wakanawa. Kangwa akamega tonge lake, akachovya, akatafuna. Katikati ya tonge jino lake likakutana na donge kubwa kama jicho la mbuzi, unga mkavu mtupu ndani. Akasimamisha taya. Upande wa pili wa sinia Mubanga naye alikuwa amesimamisha yake, na anatazama paa kama mtu anayehesabu misumari. Mwila alikuwa akitafuna polepole sana. Jere alimeza lake zima bila kutafuna, akapiga kifua mara moja, akasema kwa unyenyekevu mkubwa, akiliambia sinia, "Ugali mtamu."

Mama Mwila aliwatazama mmoja mmoja.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama," wakajibu pamoja, kama darasa.

Akamchukua mtoto mapajani mwa Kangwa ili mama yake ale vizuri, akamweka begani, akampigapiga mgongoni. Mtoto alikuwa macho, anatazama sinia lile kwa umakini ambao haukumpendeza bibi yake hata kidogo.

"Na wewe, mume wangu," Mama Mwila akamwambia sikioni, ingawa wote walisikia, "nakuona. Endelea kunyamaza vivyo hivyo. Ukiota meno ndipo tutajuana."

Jere akanyoosha mkono, akamega tonge la pili.